Jina la Mlezi

Meza yangu ina miguu mitatu na tofali.
Iko nje ya lango la chifu, Korogocho,
chini ya mwavuli wa kampuni ya rangi
ambayo siku hizi haiuzi rangi.
Fomu ni ya bure. Mwandiko wangu ni shilingi hamsini.

Jumanne alikuja Bi Syombua,
kitambulisho amekifunga kwa karatasi ya sabuni.
"Nasikia serikali inawapa wazee.
Nami ni mzee, ama huoni?"

Naona, nikamwambia, lakini fomu haina macho.
Tuanze na mwaka.
Kitambulisho kilisema tarehe mosi, mwezi wa kwanza,
siku waliyozaliwa nusu ya wazee wa mtaa huu,
kana kwamba palikuwa na mkunga mmoja
na usiku mmoja mrefu sana.
"Karani alinitazama meno," akasema, "akaandika."

Tukapita nyumba: mabati, chumba kimoja, ya kupanga.
Tukapita maji: ya kununua, kwa mtungi.
Tukapita kazi: kufua, Eastleigh, miaka ishirini na minane.
Akanionyesha vidole, laini
kama kipande cha sabuni kilichobaki.
Mashine ya alama itahangaika hapo. Nilijua, sikusema.
Tukafika ng'ombe. Ndiyo, fomu inauliza ng'ombe.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Andika alikuwa mmoja, akafa Kitui mwaka wa njaa.
Andika alikuwa mwekundu."
Hakuna nafasi ya rangi.
Niliandika sifuri.

Kisha sehemu ya saba.
Jina la mlezi: mtu wa kukupokelea pesa
siku miguu ikikataa.

Akanyamaza.
Lori la taka likapita kuelekea Dandora,
na nyuma yake lingine,
vumbi likatua juu ya fomu, nikalipuliza.
"Una mtoto?"
"Nilikuwa naye."
Nikainua kalamu nikaisubirisha hewani.

Nusura niseme: niandike mimi.
Neno lilishafika kwenye meno.
Lakini mimi ni mtu wa hamsini hamsini,
na anayejua nambari ya siri ya mwingine
halali usingizi ule ule.

"Andika Lael Nyaboke."

"Yule wa mfereji?"
"Huyo huyo."
Mtaa mzima unajua: milango miwili inayotazamana,
maji machafu yakisukumwa kwa ufagio,
huku yakirudi, kule yakirudishwa,
na salamu hakuna tangu wajukuu wa watu wawe wanafunzi wa sekondari.
"Mtu aliyenichukia waziwazi miaka kumi na mmoja
bila kuhama,
huyo atahesabu mpaka shilingi ya mwisho
ili nisipate la kumsema."

Niliandika kama alivyotamka.
Nilipokataa hamsini yake alikasirika,
akazipanga sarafu juu ya meza, tano tano.
"Jibu litatoka lini?"
Nikatazama mwavuli.

Chifu hupokea fomu Ijumaa.
Alhamisi, kabla sijafungua gundi,
Nyaboke huyo, mikono kiunoni.
"Nani amekupa jina langu?"
Nikamsogezea karatasi.
Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma.
Akasoma tena, midomo ikitembea:
chumba kimoja, kufua, sifuri.
Kwenye ile sifuri alikaa sana.
Halafu akagonga kidole sehemu ya saba.

"Umeandika Lael. Mimi ni Rael.
Hawa Wakamba na R yao!
Pesa zikitumwa kwa Lael, atazipokea nani?"

Nikafuta, nikaandika upya,
akatia sahihi ndefu yenye mkia
uliovuka mstari ukaingia sehemu ya nane,
matumizi ya ofisi pekee.

"Mwambie nimekubali," akasema, ameshageuka.
"Na umwambie
zamu ya kuzibua mfereji bado ni yake."